Mlio wa gari: utoe mafla, uchomelee nyingine, ununue mtumba wa Japan au utoe masega?

Mdogo wangu kanunua Mark X, ile ya 2.5 GRX120, na hata kadi ya gari haijabadilishwa jina kashanipigia simu, "kaka nataka iongee." Nikamuuliza iongee na nani? Akacheka akadhani natania. Sikuwa natania, maana mi nishaongelesha gari mbili, Altezza na Forester, na ya kwanza iliniongelesha hadi nikawa nashusha vioo kwenye mvua ili nipumzike masikio. Kwa hiyo nilichomwandikia nakiweka na hapa, vitu vyote pembeni kwa pembeni, kila mtu achague kulingana na gari yake na majirani zake.

Ishu ni hii. Gereji umesimama nyuma ya bampa, fundi kaingia ndani anapiga resi, kila mlio pale ni mtamu, hakuna mlio mbaya ukiwa umesimama nyuma ya bampa. Ila wewe hukai huko, wewe unakaa kwenye kiti cha dereva vioo juu AC inapuliza, resi imeganda 2,500 toka Mlandizi mpaka Chalinze. Huo ndo mlio unaoulipia, na hapo gereji hausikiki kabisa.

Kabla ya yote ujue bomba lako lina nini, maana watu wanaita lote "ekzosi" halafu wanashangaa fundi kakata sehemu nyingine. Kutoka kwenye injini kuna manifodi, inafuata masega, yani kile kichujio cha moshi, catalytic converter (baadhi ya gari zina mawili au zaidi), halafu bomba la kati ambalo mara nyingi lina kopo dogo linaitwa resoneta, na mwisho kabisa nyuma huku ndo kuna mafla, lile kopo kubwa. Kila kimoja kina kazi yake kwenye mlio. Ncha zile za kung'aa hazina kazi, zinabadilisha picha tu, ukiweka ncha ya inchi nne kwenye Vitz umeipa Vitz mdomo mkubwa, sauti ni ileile.

Njia ya kwanza: kutoa mafla tu

Hii ndo wanayoanzia wengi kwa sababu ni rahisi, fundi anakata kopo la nyuma anaunganisha bomba tupu, saa moja umeondoka, na hela yake haifiki hata kujaza tenki. Altezza yangu ilikuwa SXE10, 3S-GE ya gia sita, nikaifanyia hivyo hivyo. Wiki ya kwanza nilikuwa napita mitaa ambayo sina shughuli nayo. Wiki ya pili tukaenda Morogoro na wife, kufika Kibaha hatuongei, si kwamba tumegombana, hatusikilizani. Kwenye resi za juu gari inalia vizuri, chini inakoroma vizuri, ila pale katikati ambapo ndo unatembelea kuna mvumo mmoja mzito unakaa kifuani na nyuma ya macho, hauishi, na redio ukiongeza sauti ndo unapata kelele mbili.

Sababu yake iko hivi, injini ya silinda nne inapiga mara mbili kila krenki ikizunguka, kwa hiyo resi 2,500 ni mapigo kama 83 kwa sekunde. Hiyo ni besi, na body la gari ni chumba kidogo kilichofungwa, kikipata besi ya kiasi hicho nacho kinaanza kuvuma, kama ukipuliza mdomo wa chupa tupu. V6, yani silinda sita, kama ya dogo inapiga mara tatu, resi zilezile zinakuwa mapigo 125, mlio unapanda kidogo na unakuwa laini zaidi, ndo maana V6 ikitolewa mafla inavumilika kuliko silinda nne. Inavumilika, sijasema ni nzuri. Passo ya 1.0 na gari zote za silinda tatu tafadhali msijaribu, inalia kama mashine ya kusaga.

Faida ya njia hii ni moja tu: unaweza kurudi nyuma kirahisi kama ile mafla hukuitupa. Mimi niliiacha gereji, nitarudi hapo baadaye.

Fundi wa kuchomelea dhidi ya mtumba wa Japan

Hapa ndo penye uamuzi wenyewe, maana watu wengi wenye akili zao wanaishia kwenye hizi mbili.

Kwa fundi unapata kitu kinachokaa kwenye gari yako kwa vipimo vyako, unaweza kumwambia punguza, ongeza, nataka inyamaze kidogo, akakata tena siku hiyohiyo. Na kama gari yako ni ile ambayo mtumba wake ni wa shida kuupata, mfano Premio au IST ya kawaida, huna njia nyingine. Tatizo ni kilichomo ndani ya kopo. Mafla za fundi ziko aina mbili, kuna ya vyumba, moshi unaingia unazungushwa kwenye kuta unatoka umechoka, na kuna ya kupita moja kwa moja, ndani kuna bomba lenye matundu limezungushiwa pamba halafu nje ndo kopo. Hiyo ya pili ndo inatoa ule mlio mnene watu wanaoutaka, na pamba ndo inayokula makali. Sasa pamba gani? Mimi nilifungua ya kwangu baada ya miezi minne kwa sababu ilianza kupiga kelele kama siku niliyotoa mafla, nikakuta ndani mabaki ya steel wool, ile ya kusugulia masufuria, imeungua imebaki unga mwekundu umejikusanya kona moja, nikiinamisha kopo inamwagika kama pilipili ya kusaga. Fundi simtaji, yuko palepale anaendelea na maisha. Ukienda kwa wako muulize kabla hajafunga, na akuonyeshe: unataka pamba ya kioo ya joto kali au pamba ya mawe, imeshindiliwa, na kopo liwe refu. Kopo fupi halinyamazishi sana, urefu ndo unaosaidia.

Cha pili ni chuma. Huku Pwani, Tanga, Zanzibar, Mombasa kote huko chumvi haina huruma, bomba la chuma cha kawaida linaanza kuoza kwenye maungio kabla hata hujaizoea sauti. Fundi atakwambia "hii ni steini." Nenda na sumaku, ile tu ya kwenye friji. Ikinasa kwa nguvu basi ni chuma cha kawaida au steini ya 409, ambayo haifai kuitukana maana viwandani wanaitumia sana kwenye mabomba ya gari, ila inapata kutu ya juu juu. Isiponasa au ikigusa kwa uvivu hapo huenda uko kwenye 304, steini inayovumilia kutu zaidi, hiyo ndo yenyewe. Halafu angalia anachomelea na nini, steini nzuri ikichomelewa kwa fimbo za kawaida mshono unaoza peke yake bomba likiwa linang'aa, nimeona bomba limeanguka barabarani likiwa zima kabisa, kilichokatika ni mshono. Ukipata mwenye agoni, mashine ya kuchomelea kwa gesi, lipa tofauti yake. Na terminali ya betri itolewe kabla hajawasha mashine, usione aibu kuitoa mwenyewe.

Kona nazo. Fundi asiye na mashine nzuri ya kukunja anapokunja bomba linabonyea, inchi mbili na nusu pale kwenye kona inakuwa kama mbili, moshi unabanwa hapo. Bora akate vipande vipande aviunge, anachelewa ila bomba linabaki na upana wake.

Mtumba wa Japan ni habari tofauti. Mafla za kampuni kama HKS, Fujitsubo, Blitz, 5Zigen, Kakimoto, hizi zilitengenezwa kwa gari maalum, hanga zinaingia kwenye mipira yake ya zamani bila kuchomelea chochote, na mlio mtu alikaa akaufikiria. Japan wana kikomo cha kelele, gari ndogo za kawaida zenye injini mbele zikipimwa zimesimama ilikuwa desibeli 96, na wana chama cha watengeneza mafla, JASMA, ambao bidhaa zao zinakuwa na kibati chake. Toka 2010 wakabana zaidi kwa gari mpya. Kwa hiyo mafla yenye kibati cha JASMA ujue ilishapigwa breki kwao, ni nene bila kuwa kero. Ila kumbuka 96 sio kimya! Na desibeli sio kama kilo, ukiongeza kumi sikio linasikia kama kelele imekuwa mara mbili.

Ubaya wa mtumba: hujui umetembea kiasi gani. Iinue uitikise, kikisikika kitu kinacheza ndani mrudishie. Ingiza kidole kwenye ncha, masizi makavu ni kawaida, yakiwa na mafuta mafuta basi ile gari ilikuwa inakula oili, pamba imeshalowa. Zile kubwa za duara zenye mdomo kama kopo la maziwa ya watoto nyingi zilikuja na kizibo cha ndani kinachofungwa na boliti moja kwa chini, cha kupunguza sauti, na zikifika kwetu kizibo hakipo, kimebaki kitundu cha boliti tu. Bila kizibo ile ni kitu kingine kabisa, usije ukasema nilikwambia HKS ni ya ustaarabu. Na stika sio ushahidi, stika inauzwa peke yake.

Zikiwekwa pamoja mimi naona hivi: gari inayojulikana (Altezza, Chaser, Impreza, Forester, Mark X) tafuta mtumba kwanza hata ukisubiri miezi miwili, na fundi mtumie kwa maungio tu. Gari isiyojulikana nenda kwa fundi na pamba yako mkononi. Kwa vyovyote mwambie aweke flenji (bamba la kuungia bomba) na boliti badala ya kuchomelea jumla, ili siku ukitaka kutoa ni spana, sio grenda.

Upana wa bomba

Kuna wanaosema injini "inahitaji kubanwa kidogo" ili iwe na nguvu. Sio kubanwa, ni mwendo. Moshi ukitoka kwa kasi unavuta na unaofuata, bomba likiwa pana kupita kiasi moshi unazubaa, na kwenye resi za chini gari inakuwa nzito. Injini ya 1.5 inchi mbili inatosha kabisa, 2.0 isiyo na turbo mbili na robo hadi mbili na nusu, V6 yenye mabomba mawili kila moja inchi mbili. Inchi tatu waachie wenye turbo. Mtu wa IST anapoweka inchi tatu anapata mlio wa ndoo.

Kutoa masega

Hii wanaipenda mafundi kuliko wenye gari, na kuna sababu, ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, yana soko lake. Ukiambiwa "tunakutolea bure" jiulize bure ya nani. Kwenye gari isiyo na turbo unachopata ni mlio mkali zaidi, wa kupasuka pasuka, sio mnene, na nguvu huisikii. Unachopewa juu yake: taa ya cheki injini yenye kodi P0420, kwa sababu sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega inaona hewa ileile chafu inayoona ya mbele, na harufu. Harufu ndo haizungumzwi. Kwenye foleni ya Ubungo kioo kikiwa wazi unakaa ndani ya moshi wako mwenyewe, macho yanawasha, nguo zinanuka kama umetoka kumwaga petroli.

Masega yakiwa yameziba kweli, gari haivuti na bomba linawaka jekundu chini, hiyo ni kesi nyingine, yanabadilishwa. Kuyatoa kwa ajili ya mlio tu mimi hapana. Na wale wa kurekebisha kompyuta ili gari ipige risasi ukiachia mafuta, ule moto unaungulia kwenye vali na kwenye turbo, sina zaidi ya hapo.

Wenye Subaru mnisikilize pembeni

Nyie mlio mnaoutafuta hauko kwenye mafla. Ule mdundo wa "gudu gudu gudu" unatokana na heda (mabomba ya manifodi yanayotoka kwenye silinda) zenye mikono isiyolingana, silinda za upande mmoja moshi wao unasafiri mbali kuliko za upande wa pili, mapigo yanafika kwenye bomba yakiwa yamepishana. Ndo mlio wa Impreza watu wa huku waliousikia kwenye Safari Rally enzi za Colin McRae, alishinda 1997 na ile gari, na toka hapo kila kijana anaitaka. Sasa Legacy za Japan kuanzia umbo la 2003 walizipa heda zenye mikono sawa, turbo ikafaidika, mdundo ukafa. Unaweza kununua mafla nne ukabadilisha moja baada ya nyingine na haitadunda, nimeona jamaa kafanya hivyo kweli. Forester yangu SG5 ya turbo ilikuwa na heda za zamani, niliweka mafla ya mtumba moja tu nyuma ikatosha. Kwa hiyo Subaru anza kwa kuchungulia chini ujue una heda gani, halafu ndo uongee hela.

Vali

Kuna bomba la pembeni lenye kilango, ukibonyeza swichi linafunguka moshi unapita njia ya mkato, ukifunga gari inakuwa ya mchungaji. Kwa mtu anayetoka saa kumi na moja alfajiri na ana mama mwenye nyumba ukuta mmoja, ni kitu kizuri kwenye karatasi. Kwenye vumbi na matope yetu motor yake ndogo inakufa, na sheria ya dunia ni kwamba inafia ikiwa wazi. Zinazovutwa na vakyumu ni ngumu zaidi kufa kuliko za umeme. Ukiweka, liwe nyuma ya masega, na mdomo wake utokee nje ya body, usiishie chini ya viti. Hili sio la mlio, moshi wa gari una kaboni monoksaidi, haina harufu yake yenyewe, inapenyea kwenye tundu dogo tu la buti, na dalili ya kwanza ni kichwa kinauma ukadhani ni njaa. Hata kwa mafla ya kawaida, ukitoka gereji pitisha mkono kwenye maungio injini ikiwa bado ya baridi, ukisikia upepo rudi.

Trafiki je? Tanzania kuna Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, na kuna kanuni za kelele na mitetemo za 2015 ambazo mamlaka ya mazingira inazishikilia, Kenya nako NEMA, mamlaka ya mazingira ya kule, wana za kwao za 2009. Barabarani lakini sijawahi kuona anayepimwa kwa mashine, anapimwa kwa sikio la afande na jinsi ulivyopiga resi ukimkaribia. Gari nene inayopita taratibu haisimamishwi sana. Inayopasuka pasuka inasimamishwa, na wakishakusimamisha wanakagua mpaka wiper.

Ya dogo ilivyoisha

Mark X ina mafla mbili nyuma, kushoto na kulia. Nilimwambia masega na resoneta usiguse, badili hizo mbili tu, za kupita moja kwa moja, kopo refu, inchi mbili kila upande, na flenji. Mtumba wa gari yake hakuupata kwa haraka na subira hana, akaenda kwa fundi mwenye agoni. Siku ya kwanza ilikuwa na mvumo kidogo kwenye 2,500, tukampachikia bomba mfu, yani tawi lililozibwa mwisho, linachomelewa ubavuni mwa bomba kubwa, mlio unaingia unagonga ukuta unarudi umepishana na mwenzake wanauana. Urefu unafuata mapigo, kwa hizo 125 zake na joto la moshi wa nyuma ilikuja kama sentimita 90. Altezza yangu ya silinda nne ilikula karibu mita moja na 40, ilibidi likunjwe kama ndoana lipite juu ya difu. Watu wengi hawalijui hili bomba, na ni kipande cha chuma tu, jioni moja.

Sasa hivi inaongea, ukiikanyaga inaimba, ukitulia unasikia redio. Mafla zake za kiwandani nilimlazimisha aondoke nazo. Mimi Altezza nilipoiuza, mteja kabla hajafungua hata boneti aliniuliza mafla yake original iko wapi, nikawa sina, akanikata hela palepale na alikuwa na haki yake. Za dogo ziko kwenye gunia uvunguni mwa kitanda, shemeji analalamika chumba kinanuka moshi.